Betri Haikuwa Imekufa

Stima imepotea tena huku Saboti. Nje kunanyesha, na mimi niko hapa na laptopu yenye asilimia 61, mwanga wa skrini nimeushusha hadi karibu na giza. Saa hii mashine yangu inakula wati sita na nusu. Najua kwa sababu nimeangalia. Nimeangalia mara moja tu halafu nikafunga, na hiyo "mara moja tu" ndiyo kitu iliyonifunza adabu, kwa hivyo leo mtanivumilia. Ni stori ndefu kiasi, na iko na historia ndani.

Mwaka jana binamu yangu aliingia chuo. Shangazi akauza magunia ya mahindi, akauza wakati ule watu wote wa Trans Nzoia wanauza, bei ikiwa chini vile huwa. Pesa ikaenda kwa laptopu ya ex-UK. Mimi ndiye nilienda naye Kitale kuichagua. Mimi ndiye nilimwambia tuachane na ile nyepesi tuchukue ile nzito yenye kadi ya grafiki yake kando, ati atakuwa anaediti video. Mimi ndiye nilimwekea Linux usiku uo huo, nikaweka na draiva ya kadi bila kusoma kitu. Yaani kila kosa kwa hii stori liko na alama za vidole vyangu.

Betri ikawa inakaa saa moja na nusu. Hapo hata hujafungua kivinjari vizuri. Kijana anaandika notisi tu, lakini laptopu inachoma mapaja na feni inalia kama posho mill. Akaenda kwa fundi, fundi akaiangalia dakika mbili akasema betri imekufa. Shangazi akatoa elfu nne na mia tano, betri nyingine ikawekwa. Hiyo nayo ikakaa masaa mawili na kidogo. Kurudi kwa fundi, fundi akabadilisha wimbo: "Shida ni hii Linux yenu. Inakula moto."

Jumapili tukiwa tunakula, Shangazi akaniangalia akaniuliza kwa upole, ule upole wa hatari, "Kwani wewe si ndiye mtu wa kompyuta?"

Sasa hiyo sentensi ya fundi nimeisikia mara nyingi sana. Nimeisikia kwa saiba, nimeisikia kwa comrades, nimeisikia kwa msee aliyefuta Linux akaweka Windows ya kuiba iliyojaa virusi, na akafurahi kwa sababu betri ilirudi. Na kitu inaniuma ni kwamba fundi hakudanganya kabisa. Betri ya huyo msee ilirudi kweli. Lakini anayelaumiwa si yule aliyekula. Ili ujue nani alikula lazima turudi nyuma miaka kadhaa, na tuanze na swali dogo: kompyuta hujuaje inakula stima kiasi gani?

Kwa muda mrefu haikuwa inajua. Zana za kuangalia mashine zimekuwepo kitambo. Ile programu ya top, ambayo ukiandika tu jina lake kwa terminali unaona nani anatumia prosesa, iliandikwa na William LeFebvre mwaka 1984, miaka saba kabla Linus Torvalds aanze Linux kule Helsinki. Mwaka 2004 Mbrazili mmoja, Hisham Muhammad, akatoa htop, yenye rangi, ile sisi wote hufungua tukitaka kuonekana wadukuzi. Lakini angalia kile zinapima: muda wa prosesa na memori. Hazijui wati. Na hata kadi ya grafiki hazikuwa zinaijua. Kwa hivyo binamu yangu akifungua htop anaona prosesa iko asilimia tatu, kila kitu kimetulia, halafu anaweka mkono chini ya laptopu anaungua. Ni kama mita ya tokeni hapa kwa ploti. Inakuambia yuniti zimeisha. Haikuambii ni nani aliacha koili ya chai imewaka, ndio maana majirani wanagombana.

Mtu aliyebadilisha hiyo mambo kwa Linux ni Arjan van de Ven wa Intel. Mwaka 2007 walitoa kitu kinaitwa PowerTOP. Kuelewa kwa nini kilitikisa watu, fikiria mwanabodaboda amelala kwa pikipiki yake pale stage saa nane mchana. Kila dakika mtu anapita anamuuliza, "Uko?" Anafungua macho, anasema niko, anafunga. Hakuna safari imefanyika, hakuna shilingi imeingia, lakini huyo mtu hatalala. Prosesa ndivyo ilivyokuwa inaishi. Kerneli ya Linux ilikuwa inaiamsha mamia ya mara kwa sekunde, hata kama hakuna kazi, kuangalia tu kama kuna kazi. Mwaka uo huo wa 2007 kerneli ya 2.6.21 ikaanza kuacha hiyo tabia kwa mashine za kawaida, na hapo ndipo ikaonekana kwamba programu zenyewe nazo zilikuwa na tabia mbaya kama hiyo. PowerTOP ilizipanga kwa orodha: huyu ameamsha prosesa mara ngapi, yule mara ngapi. Waandishi wa programu wakaona majina ya watoto wao hadharani, wakaona haya, wakarekebisha.

Kuna kitu kimoja kuhusu PowerTOP napenda sana, na ukikumbuke kwa sababu tutakirudia. Ukiifungua, PowerTOP yenyewe inakaa kwa hiyo orodha. Inajitaja. Inakuambia waziwazi kwamba na mimi, kwa kuangalia tu, nimeamsha mashine.

Hiyo ilikuwa prosesa. Kadi ya grafiki ni mnyama mwingine.

Laptopu kama ya binamu yangu ziko na kadi mbili. Ndogo inaishi ndani ya prosesa, haili sana, inatosha kwa notisi na video za kawaida. Kubwa iko kando, iko na memori yake, na ikiwaka tu, hata bila kazi, inaweza kuongeza wati kumi juu ya kile mashine inakula. Wati kumi ukisikia ni kama taa moja ya LED ya sebuleni. Lakini betri ya laptopu ni kitu kidogo. Chukua betri ya wati-saa 48. Mashine ikila wati saba unapata karibu masaa saba. Ongeza hizo kumi ziwe kumi na saba, hata masaa matatu hufiki. Sasa hiyo ni betri mpya. Betri ya ex-UK iliyokuja imechoka, imebaki na wati-saa 29 hivi, inakupa saa moja na dakika arobaini. Hapo ndipo fundi anaangalia dakika mbili anasema imekufa.

Februari 2010 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kitu kiliitwa Optimus. Wazo lilikuwa zuri, tusikatae. Kadi ndogo ndiyo inachora skrini kila siku, kubwa inalala fofofo, gemu ikifunguliwa kubwa inaamshwa, inachora, inampa ndogo picha aonyeshe, gemu ikifungwa inalala tena. Mwenye laptopu hahitaji kujua chochote. Ilifanya kazi kwa Windows 7. Kwa Linux haikufanya, na kampuni haikutoa maandishi ya kueleza watu wengine waifanyeje. Kwa hivyo ukiweka Linux kwa laptopu ya Optimus ya wakati huo, mara nyingi kadi kubwa iliwaka tangu unabonyeza kitufe mpaka betri inazima, na hufaidiki nayo hata kidogo. Ni kama kukodisha lori likufuate kila mahali na injini imewashwa, na wewe mwenyewe unatembea kwa mguu.

Watu hawakukaa kimya. Dave Airlie, ambaye ni mmoja wa wale wanatunza grafiki za Linux, aliandika kitu kinaitwa vgaswitcheroo, kikaingia kwa kerneli ya 2.6.34 mwezi wa Mei 2010. Unaandika neno OFF kwa faili fulani, na kadi inazimwa. Ni hivyo tu, neno moja kwa faili. Halafu 2011 Martin Juhl akaanza mradi wa Bumblebee. Kama umeona sinema za Transformers umeelewa jina: Optimus Prime ndiye mkubwa, Bumblebee ni mdogo wake wa rangi ya manjano. Bumblebee iliruhusu uendeshe programu moja kwa kadi kubwa, na ikiisha kadi izimwe.

Na hapa lazima nitoke kidogo kwa barabara, kwa sababu siwezi kutaja Bumblebee bila kutaja ile nafasi. Mwaka uo huo wa 2011 mtu alipata kwamba skripti yao ya kuweka programu ilikuwa na amri ya kufuta folda moja ndefu iliyo ndani ya /usr. Lakini katikati ya jina la folda, baada ya /usr, kulikuwa na nafasi. Nafasi moja, ile unapiga na kidole gumba. Kompyuta ikasoma: futa /usr yote, halafu futa na hiyo ingine. Sasa /usr ndiyo nyumba ya karibu programu zote za Linux. Kuna watu waliweka Bumblebee ili waokoe betri, wakaishia na mashine haina kitu. Betri ilipona, nadhani. Ukurasa wa lile kosa ulijaa vichekesho mpaka ukawa kama kijiwe. Mimi nilicheka sana nilipousoma, halafu nikaenda kuangalia skripti zangu zote.

Turudi. Juni 2012, Torvalds alikuwa anaongea na watu pale Chuo Kikuu cha Aalto, Finland. Watu wengi wanajua ile video: anaangalia kamera, anainua kidole cha kati, anaitukana NVIDIA. Imekuwa stika, imekuwa memu, kila mwanafunzi wa kompyuta ameiona. Lakini wengi hawajui swali lilikuwa nini. Aliyeuliza ni dada mmoja kwa umati, na swali lake lilikuwa kuhusu laptopu yake. Laptopu ya Optimus. Alikuwa amenunua mashine, ameweka Linux, kadi mbili hazielewani, ameomba msaada na hajaupata. Yaani kile kidole maarufu kuliko vyote kwa historia ya Linux kilitoka kwa shida ileile ya binamu yangu. Sisi tunapenda kidole, tumesahau aliyeuliza. Mimi siku hizi namfikiria zaidi yeye.

Sasa utaniuliza, hiyo yote ya Finland na Intel inahusiana nini na Saboti?

Linux ilikuja kwetu kwa sababu mbili ambazo hazina uhusiano na betri: ni bure, na inaendesha mashine za zamani. Hatukuwa watazamaji pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za ofisi kwa Kiswahili, wakati kampuni kubwa za programu zilikuwa bado hazijatujali hivyo. Mwaka uo huo Ubuntu ikazaliwa, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ukiwaomba walikuwa wanakutumia CD kwa posta bila kulipa. Hapa Kenya shirika la Computers for Schools Kenya lilikuwa limeanza 2002 kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka mashuleni. Lakini hizo zilikuwa kompyuta za mezani. Zimechomekwa kwa ukuta. Stima ikipotea zinazima zote, mwalimu anasema tokeni nje, hadithi imeisha. Hakuna mtu aliwahi kuuliza kompyuta ya mezani inakaa masaa mangapi.

Laptopu zikabadilisha swali, na laptopu zetu zinakuja na mashua ya polepole. Ofisi ya London inanunua mashine 2016, inaitumia miaka minne mitano, inaitoa, inaingia kontena, inafika Mombasa, inapanda Nairobi, inashuka Eldoret, inaingia kwa duka la Kitale. Kwa hivyo shida ambayo kule imesahaulika, kwetu ndiyo inafunguliwa kwa boksi leo. Ukienda kuuliza wajuzi wa mtandaoni kuhusu kadi ya 2016 wanakuambia hiyo ilisharekebishwa kitambo, nunua mpya. Ilirekebishwa, ndiyo. Nitakuonyesha ilirekebishwa kwa nani.

Agosti 2019, NVIDIA ilitoa draiva ya 435. Kwa mara ya kwanza draiva yao wenyewe ya Linux ikaweza kufanya ile kazi ya Optimus bila kuomba Bumblebee: skrini inachorwa na ndogo, gemu na kubwa. Na pamoja na hiyo, ikaweza kuacha kadi kubwa izime kabisa ikiwa haina kazi. Ni habari njema, lakini soma maandishi madogo. Hiyo ya kuzima kabisa ni kwa kadi za Turing kwenda mbele, yaani kizazi cha 2018. Mei 2022 wakafungua sehemu ya draiva inayokaa kwa kerneli, mtu yeyote asome. Watu wakasherehekea, hata mimi niliposti. Maandishi madogo tena: Turing kwenda mbele. Halafu 2025 wakasema draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kushika vizazi vya Maxwell na Pascal. Maxwell na Pascal ni zile za 2014 hadi 2018 hivi. Angalia tu kontena za sasa zimebeba nini.

Kwa hivyo kila mlango uliofunguliwa ulifunguliwa mbele ya binamu yangu, kisha akaambiwa yeye ni wa foleni ile ingine. Sisemi kampuni ilikaa chini ikapanga kumuumiza mtu wa Saboti. Haimjui. Nadhani hiyo ndiyo shida yenyewe: anayenunua mkono wa pili hayuko kwa hesabu ya mtu yeyote, hakumlipa mtengenezaji hata shilingi, hana mahali pa kulalamika. Lakini kama yale maandishi yangetolewa 2010 pale mambo yalipoanza, watu wa kujitolea wangemaliza kazi kitambo, na kadi za 2016 zingefika hapa zikiwa zinajua kulala. Walijaribu hata bila maandishi. Draiva huria inaitwa nouveau, iliyojengwa kwa kuchunguza kadi kutoka nje kama daktari anayesikiliza kifua, iliweza kuzilaza kadi za Optimus zenyewe tangu 2013. Miaka sita kabla ya mwenye kadi. Ni polepole kwa gemu, nakubali, lakini kulala inajua.

Na hapo ndipo nilipogundua nilichomfanyia binamu yangu. Mashine yake ingekuja tu na nouveau, kadi ingelala. Mimi ndiye nilitoa nouveau nikaweka draiva ya kampuni, ili ionekane kali. Na kwa mipangilio nikachagua ile inaitwa on-demand, nikidhani maana yake ni kadi iwake ikihitajika tu. Jina ndilo linasema hivyo! Kwa kadi za Turing ni kweli. Kwa kadi yake ya zamani maana yake ilikuwa kazi ipelekwe kwa kadi kubwa ikihitajika, lakini kadi yenyewe inabaki imewaka usiku na mchana, mapaja yanaungua.

Niliijua namna hii. Jumapili ileile baada ya chakula nilichukua mashine yake, nikachomoa chaja, kwa sababu ikiwa kwa chaja nambari zinakudanganya. Nikafungua faili moja tu, /sys/class/power_supply/BAT0/power_now. Linux inaandika humo betri inatoa stima kiasi gani sasa hivi, kwa mikrowati, kwa hivyo unatoa sifuri sita. Mashine zingine hazina hiyo faili, ziko na current_now na voltage_now, unazidisha mwenyewe. Yake ilisema wati kumi na nane. Notisi zimefunguliwa, basi. Nikaandika prime-select intel, nikazima nikawasha, nikangoja dakika tano itulie. Wati nane.

Kumi zilikuwa za lori.

Ungedhani hapo stori imeisha na mimi ni shujaa. Nilidhani hivyo pia. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa, nikaamua mashine yangu mwenyewe sasa nitaipima kila kitu. Yangu ni ya 2019, kadi yake ni ya wale waliobahatika, inajua kulala. Nikaweka wijeti kwa kona ya skrini: joto la prosesa, memori, kasi ya intaneti, na chini kabisa joto la kadi ya grafiki na wati zake, kila baada ya sekunde mbili. Ilikuwa inapendeza, aki. Nilipiga picha nikaposti, mkanipigia makofi humu ndani.

Wiki hiyo betri yangu ikaanza kuisha haraka. Masaa matano yakawa mawili na nusu. Nikafungua wijeti kuangalia, inaniambia kadi iko wati tisa, haifanyi kazi yoyote, imewaka tu. Nikatafuta programu inayoiwasha siku tatu nzima. Nikafuta kivinjari. Nikatukana kerneli. Nikaweka kerneli ya zamani. Na kila nikiangalia kona ya skrini, kadi iko macho.

Ilikuwa ni wijeti.

Fikiria vile inafanya. Kadi ikilala kabisa, imekatiwa stima, na kipimo cha joto kiko ndani ya kadi. Ukitaka kusoma joto, draiva lazima iiamshe, isome, ikupe jibu, halafu ingoje sekunde kadhaa kabla ya kuilaza tena. Kabla hizo sekunde hazijaisha wijeti imeuliza tena. Ile zana ya kampuni yenyewe, nvidia-smi, ukiiita inafanya hivyo hivyo, na wijeti nyingi huita hiyo chini kwa chini. Hata amri ya lspci, ile ya kuorodhesha vifaa tu, inaiamsha kwa muda. Ni mtoto anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa kila dakika kuuliza, "Umelala?" Halafu anakuja kukuambia kwa wasiwasi kwamba mgonjwa halali.

Na tofauti na PowerTOP, wijeti yangu haikujitaja. Ilinionyesha wati tisa kwa rangi nzuri ya kijani bila kusema ni zake.

Kuna njia ya kuuliza bila kuamsha, na hii ndiyo ningetaka kila mtu wa hizi laptopu aijue. Kerneli yenyewe inajua kama kadi imelala kwa sababu kerneli ndiyo iliyoilaza. Huo mpango wa kulaza vifaa kimoja kimoja mashine ikiwa inaendelea, ulioongozwa na Rafael Wysocki, uko kwa Linux tangu kerneli ya 2.6.32, mwisho wa 2009. Kwa folda ya kadi, kwa mashine nyingi ni /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power, kuna faili inaitwa runtime_status. Ukiisoma inakujibu suspended, imelala, au active, iko macho. Hiyo ni kumuuliza nesi mlangoni, mgonjwa hasumbuliwi. Pembeni yake kuna faili inaitwa control: ikisema on, kadi imekatazwa kulala, ikisema auto imeruhusiwa. Mafaili mawili, hakuna rangi, hakuna mchoro unapanda na kushuka, na hayo yanatosha.

Wale wa "jifunze terminali, acha uvivu" najua mnakuja kwa komenti, na hapana, siwaungi mkono. Binamu yangu anasomea ualimu. Hapaswi kujua nambari ya soketi ya kadi yake ili aandike lesson plan stima ikipotea. Waandishi wa wijeti ndio wanapaswa kusoma runtime_status kwanza, na wakikuta imelala waandike "imelala" wanyamaze. Kuna zana zingine zimeanza kufanya hivyo. Zangu mbili za kwanza hazikuwa zinafanya.

Na stima itapotea, hiyo tusidanganyane. Tuko na bwawa la Turkwel upande huu wetu, megawati 106 tangu 1991, masaa machache tu kutoka Kitale, na bado. Juni 2016 tumbili mmoja alianguka kwa transfoma pale Gitaru, nchi nzima ikazima zaidi ya masaa matatu, tumbili mwenyewe akapona. Agosti 2023 tulikaa giza usiku mzima na zaidi, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi ukawa unatafuta jenereta. Kwa mtu wa kwanza aliyebuni Optimus, masaa mawili ya betri yaliyopotea ni usumbufu kwa mkahawa wenye soketi chini ya kila meza. Hapa masaa mawili ndiyo tofauti ya kumaliza asaimenti na kumwandikia mwalimu kisingizio ambacho amesikia kutoka kwa watu thelathini.

Asilimia 54 sasa. Wati sita na nusu, bado.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa kina Shangazi. Ile betri ya kwanza, iliyotangazwa imekufa, ilikuwa kwa droo, imefungwa na gazeti. Nikairudisha kwa mashine tujaribu tu, kadi ikiwa imezimwa. Binamu yangu akaandika notisi, akaangalia video moja ya somo, akasahau kama hatuko kwa chaja. Ilikaa masaa matatu na nusu.

Shangazi alikuwa anachambua maharagwe pale mlangoni, kumbe anafuatilia. Hakuuliza kuhusu Linux wala kadi. Aliuliza tu, "Na zile elfu nne na mia tano?"

Sijamjibu bado.